Diski Nzima

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kioo cha laptop kiliuliza kwa Kiingereza kama nina hakika, maana diski yote itafutwa.

Mtihani wangu wa mitandao ulikuwa Jumatatu, na nilitaka kompyuta tatu za mazoezi, za kuigizwa na programu, ndani ya laptop moja. Programu nyepesi, ile inayokaa juu ya Windows, niliijaribu wiki nzima. Nikiwasha kompyuta ya pili, laptop inaganda. Hii nyingine ina nguvu, lakini inataka diski nzima iwe yake, kila kilichomo kifutwe.

"Picha zangu za maua umezitoa?" aliuliza Zeyana, mke wangu. Alikuwa mkekani na bi harusi, anakoroga hina. Miaka kumi na moja ya kazi yake ya kuchora maua ya hina ilikuwa ndani ya laptop ile.

"Zote ziko kwenye flashi."

"Umezifungua ukaziona?"

"Usinifundishe kazi, Zeyana."

Nikabonyeza.

"Haya, fundi. Ichomeke flashi kwenye TV, bi harusi achague ua. Mikono yangu ina hina."

Nikachomeka. TV ikaandika hakuna picha. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka tena. Hakuna.

Hapo nikakumbuka vile vialama vyenye mshale pembeni nilivyovikopi: njia za mkato za kufungulia picha, si picha zenyewe. Nilibeba milango, nyumba nikaiacha.

"Mimi nataka ua lile alilochorwa dada yangu," bi harusi alisema, mguu ameshaunyoosha.

Nyuma yangu laptop ilikuwa imeshafuta asilimia arobaini ya diski.

Zeyana hakuitazama TV. Alinitazama mimi, akaanza kujifuta hina, kidole kimoja kimoja.