Mabakuli Saba

"Si ni vijiti vya kulia tu? Kuni tunazo nyumbani," Chifu Josephat alicheka, lakini jasho lilikuwa linamtoka.

"Si vijiti tu, mzee," Crispus alijibu. "Ukikosea, Mjapani anainuka, anaenda zake."

Hapo chifu na wakubwa wenzake wakaacha kucheka. Mjapani wa shirika lililotoa fedha za kisima angefika Jumamosi, ale, atie sahihi kwamba kisima ni kizuri, arudi Nairobi. Akishatia sahihi, maneno yamekwisha. Kisima kitabaki palepale, chini ya josho la ng'ombe, na akina mama wataendelea kuteka maji yenye harufu ya dawa ya kupe. Wakubwa hawakuhangaika. Maji yao yaliletwa na tangi kutoka Voi.

Wakio, mke wa Crispus, aliyanywa ya kisima. Masika yaliyopita watu kadhaa walizikwa, naye akiwamo, na kwa kila mmoja chifu aliandika malaria.

Crispus alipiga hodi ofisi tatu. Ya mwisho walimwambia yeye ameishia darasa la pili, mambo ya maji awaachie wenye elimu.

Sasa walimhitaji. Nani mwingine pande hizi aliwahi kumpikia Mjapani? Miaka miwili kule bandarini Kilindini, aliiona meza yao siku za furaha, na siku zile zingine.

"Utapika, na utatufundisha adabu yao," chifu alimwambia. "Halafu unyamaze. Ukimsemesha mgeni hata neno moja, utalala ndani."

"Sawa, mzee."

Alichonga vijiti kwa mianzi ya Werugha. Siku nne akawafunza pale ofisini: usimnyooshee mtu kijiti, usilambe ncha, usichome nyama kama mshikaki. Na kubwa kuliko yote, mgeni akishaketi, kila mmoja asimamishe vijiti vyake viwili katikati ya wali, wima kama mlingoti, kisha ainamishe kichwa.

"Vikianguka je?" chifu aliuliza.

"Hiyo ni aibu, mzee."

Wakarudia mpaka vijiti vikaacha kuanguka. Walikuwa sita.

"Lazima wawe saba," Crispus alisema. "Mwite hata karani."

Karani Donald akaitwa, akafurahi kama bwana harusi.

Jumamosi, Priscilla aliyekuja kusaidia jikoni alifunua sufuria, akaguna. "Shemeji, huu ni wali au ni uji?"

"Wacha ugandamane. Vijiti lazima visimame."

Mjapani alikuwa kijana mwembamba wa miwani, mwenye Kiswahili cha kuombea chai. Chifu alimketisha, akamwambia kisima ni safi, watu wanafurahi, hakuna aliyelalamika. Mgeni akatikisa kichwa kukubali. Akatoa karatasi, akafungua kalamu.

Crispus, mlangoni, alishika sinia kwa nguvu mpaka vidole vikauma.

Chifu akakohoa. Mikono saba ikainuka pamoja. Vijiti vikazama katikati ya wali, vikasimama. Hakuna kilichoanguka. Vichwa saba vikainama, na chifu akainua chake akitabasamu, kama mtoto aliyemaliza hesabu wa kwanza.

Mgeni hakutabasamu. Alitazama bakuli moja baada ya jingine, midomo ikisogea. Kisha akafunika kalamu.

"Nani fundisha?"

"Huyu hapa! Mpishi wetu!" chifu alisema kwa majivuno.

Mjapani akasimama, akamgeukia Crispus.

"Kwetu, hii chakula ya mtu amekufa," alisema polepole. "Mtu moja, bakuli moja. Hapa saba. Nani kufa?"

Crispus alikatazwa kumsemesha mgeni. Kumjibu hakukatazwa. Aliweka sinia chini, akafuta mikono kwenye aproni.

"Hilo la chifu ni la Wakio, mke wangu," alisema. "La karani ni la mtoto wa Kituku. Hayo mengine, shika kalamu nikutajie."