Nafasi ya Ndege

"Ndege ya Nairobi inaondoka saa nane," daktari alimwambia Akumu. "Mmepata nafasi. Kule watampiga kichanga wako picha ya ubongo, tujue degedege hii inatoka wapi."

"Na inkubeta hii inayomtia joto?"

"Haibebeki, mama. Ulaya zipo zinazoingia na mtoto mpaka ndani ya mashine ya picha. Hapa Mwanza tunayo hii ya umeme wa ukutani tu."

"Nikimbeba mikononi?"

"Ana kilo moja na robo. Anaweza kupoteza joto njiani akafa. Akibaki, sijui nimtibu nini."

Nje, gari la kuwapeleka uwanjani lilipiga honi.

Akumu aliingiza mkono kwenye tundu la inkubeta. Mle ndani mlikuwa na uvuguvugu wa maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Mtoto akakikamata kidole chake, naye hakujua amtoe au amwache.