Meno ya Ganda la Mbegu

Matawi mawili ya vichaka vyenye majani ya chumvichumvi yalikuwa yamebandikwa karatasini, makavu, yamefanana kama shilingi kwa ya pili. Profesa alishikilia kwamba ni mimea ya aina tofauti: ganda la mbegu la tawi la pili lina meno ukingoni. Mmea huo alishaupa jina la marehemu mkewe.

"Zuleika, mwanangu, macho yangu yamekwisha. Meno unayaona?"

Zuleika, msaidizi wake, alisogeza lenzi. Ukingo ulikuwa umetafunwa na mdudu. Kinyesi chake kilikuwa bado pale, cheusi, kidogo kuliko punje ya ulezi.

Huko nje, adhana ya msikiti wa Old Kampala ilianza. Profesa alikwisha kufungua kalamu.

Zuleika akapuliza karatasi polepole. Kinyesi kikaruka.

"Nayaona, Mzee. Andika tu."