Ngiri na Mpira wa Mwisho

Mwaka ambao kisima kilibaki kimoja, wanyama wa Bondeni na fisi wa Mlimani walikubaliana kukishindania kwa mpira wa kurushiana. Atakayeuvusha mstari wa wapinzani kabla mirusho yake haijaisha ndiye atakayekunywa.

Upande wa Bondeni, Nyani alirusha na Duma alidaka. Ngiri alisimama mwisho wa ukuta wa wasukumaji, akiwasukuma fisi wasije wakamrarua Nyani. Tena Bondeni kulikuwa na desturi: wadakaji hunywa kwanza, wasukumaji hunywa tope.

“Hebu nirushie na mimi,” Ngiri aliomba.

Duma alicheka hadi akashika mbavu. “Wewe, na pua hiyo kama sufuria? Sukuma, mzee!”

Basi fisi watatu wakamganda Duma, na kila mpira aliorushiwa wakampokonya. Ukabaki mrusho mmoja tu.

Safari hii Ngiri alimsukuma fisi wake kidogo, akajifanya ameteleza, kisha akajiondokea taratibu kama anayekwenda chooni.

“Mwacheni huyo, ni msukumaji tu!” alifoka kapteni wa fisi. “Mkabeni Duma!”

Nyani alitazama huku na huku, akamwona Ngiri yuko peke yake, akarusha huku akijilaani. Mpira ukanasa katikati ya meno ya Ngiri. Akauvusha mstari bila haraka, maana hakuna aliyemfukuza.

Kisimani, Duma alijipenyeza mbele. “Pisha, bwana. Wadakaji kwanza.”

“Nakumbuka,” alisema Ngiri, akizamisha pua yake yote majini. “Wewe leo umedaka mingapi?”