Kipande cha Marehemu

Alianza kwa kuitoa seva ya studio kwenye orodha ya ruhusa. Kisha akaitoa ya maktaba, halafu ya tovuti, na kila alipobonyeza kitufe roho yake ilipoa kidogo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake pale redioni. Vipindi vyote vya kituo vilikaa kwenye hifadhi moja kubwa iliyogawanywa vipande, na fundi huyu ndiye aliyeamua seva ipi ione kipande kipi. Seva aliyoinyima ruhusa, kwake kipande hicho hakikuwepo duniani. Na alichokuwa akikifungia asubuhi ile kilibeba sauti ya mumewe, mtangazaji, aliyekufa ajalini miaka minne nyuma akaacha wajane wawili.

Wawili, ndiyo. Hapo ndipo palipowaka moto. Bi mkubwa alibaki na nyumba, watoto na pole za wakubwa. Yeye, aliyeolewa kimyakimya na hakujaliwa mtoto, msibani alikalishwa nyuma pamoja na majirani. Sasa bi mkubwa kasikia sauti ya marehemu ipo, naye anataka nakala.

"Ng'o," fundi alijisemea. "Nyumba kachukua, na sauti achukue?"

Akaitoa hata seva ya akiba, na nakala za zamani akazifuta kwa mkono wake mwenyewe, maana kule nako watu wengine wanaweza kupenyeza vidole. Siku akitaka, angejifungulia, asikilize peke yake mpaka achoke. Wengine wakae na hamu yao.

Baada ya chakula cha mchana bi mkubwa akatokea, kamshika mkono kitinda mimba wake. Hakuja kwa shari.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi mwenyewe sina haja na nakala hiyo. Ni huyu. Baba yake alipoondoka, hata mwaka alikuwa hajatimiza."

"Mfumo hauonyeshi kitu, dada," fundi akajibu bila kuinua macho.

Mtoto akamsogelea, akaegemea goti lake kana kwamba wamezoeana. "Mama mdogo, eti baba alikuwa anachekaje?"

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Kicheko kile fundi alikijua: kilianzia puani, kikakwama, kisha kikatoka chote kwa pamoja mpaka mgeni wa studioni naye akacheka. Akaona haya, haya kwelikweli, mtu mzima kushindana na kitoto. Akavuta kiti, akamkalisha, akamvisha hedifoni zake.

"Ngoja, mwanangu. Sasa hivi utamsikia."

Bi mkubwa alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Fundi akafungua mfumo ili airudishe seva ya studio, akakitafuta kipande. Akakitafuta tena. Akauliza kwa sauti kimekwenda wapi.

"Kile kikubwa?" mwenzake wa zamu akauliza kutoka meza ya pili, akiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema. "Nilikuta hakuna seva hata moja inayokiona, na aliyezitoa ni wewe, nikajua umeshamalizana nacho. Watu wa video walikuwa wanalia nafasi, basi nimekifuta chote, nikawapa."