Picha ya Ubatizo Mtoni Sagana

Jumapili ile ya mwaka wa 1971, baada ya ubatizo, majirani walijipanga juu ya mwamba katikati ya mto Sagana wapigwe picha. Mume wa Murugi alikuwa amembeba mtoto wao.

Murugi alibaki ukingoni kutoa soda walizoweka majini zipoe. Alipoziweka, maji yalimfika kifundo cha mkono. Sasa yalimfika kiwiko, na yalikuwa mekundu kama udongo wa shamba.

Aliinua macho. Hapa jua lilikuwa kali, lakini kule juu mlima ulikuwa umemezwa na wingu jeusi.

"Tokeni huko," aliita. "Mto inajaa."

"Ati inajaa na jua kama hii?" Mumewe alicheka, akamwinua mtoto ili mpiga picha amwone vizuri.

Murugi akaingia majini na viatu vyake vya kanisani.