Kata Hadi Magotini

"Kata hadi magotini!" mama mkwe alipaza sauti kutoka dirishani. "Ukiuonea huruma mmea huo, Agosti maua yatatokea juu ya paa, wayafaidi kunguru!"

Halina aliinama kwenye theluji, akauweka mkasi juu ya vichipukizi viwili vinono vya klematisi, ule mmea wa maua utambaao ukutani, aliouacha marehemu mumewe. Kila mwaka alijiapiza kuihama nyumba hii maua yakishachanua. Asubuhi hii alikuwa amemwomba Mungu ujasiri.

"Mama, Agosti sitakuwepo. Nahamia mji wa Gdańsk, kwa dada yangu."

Mkasi ukalia. Shina likaanguka.

"Nimesikia," bibi kizee akajibu, wala hakukunja uso. "Malizia hayo mashina yaliyobaki, mwanangu, halafu uje univalishe soksi. Miguu imeniganda."